Ya Muda

Kipuri kinatoka Santiago. Wiki tatu,
nne kukiwa na upepo,
na mthibitishaji wa hati anataka nakala zake kabla ya saa sita.
Hapo ndipo Eliecer Barría alipovua koti,
akapapasa mfuko wa shati
kama mtu atafutaye kijiti cha meno.
Naam, kijiti kilikuwemo.
Na raba za kufungia pesa, na kadi za biashara
za watu waliokwisha kufilisika.

Mimi nilimshikia tochi.
Miaka sita, Punta Arenas, ofisi hadi ofisi,
begi la zana likinivuta huku, upepo ukinivuta kule.
Hakufundisha. Aliguna,
nami nikajifunza kusoma miguno.

Guno fupi: rola imeng'aa, haishiki karatasi.
Ifute kwa spiriti. Ikikataa, ipitishie msasa, kidogo tu.
Ikikataa tena, vua ule mpira, ugeuze ndani nje.
Hata soksi ina pande mbili.

Guno refu: ni Julai, hita zimekausha hewa,
karatasi zimependana, zinaingia mbili mbili kama maharusi.
Zipepee. Zigeuze za chini juu.
Weka bakuli la maji nyuma ya mashine
na waambie ni la nini,
maana pale shule ya msingi hatukuwaambia;
wakadhani ni la paka,
tuliporudi tukakuta na kichwa cha samaki.

Kimya kabisa: gia ya plastiki inalia.
Chonga penseli laini ya wachoraji,
vumbi lake jeusi lipake kwenye meno ya gia.
Mafuta, kamwe.
Mafuta yakikutana na wino wa unga hupika uji,
na uji huo anauosha fundi, kwa mswaki, siku nzima.

(Wino ukikumwagikia: maji baridi.
Nilitumia ya moto mara moja.
Blauzi ile ninayo bado, ina ramani ya nchi isiyokuwepo.)

Siku moja, kwa mthibitishaji, alikuja Bi Yasna Mimica
kuuza shamba la kondoo la baba yake.
Kila nakala ilitoka na mstari mweusi,
wima, mwembamba kama unywele,
ukilikata jina la marehemu katikati.
Alikaa na mkoba magotini akisema,
labda hataki niuze.
Karani akaacha kutafuna.
Eliecer akainua kifuniko, akainama juu ya kile kioo chembamba
ambacho karatasi hupita juu yake mbio,
akaona tone la wino mweupe wa kufutia, dogo kuliko yai la chawa.
Akalikwangua kwa ukucha wa gumba.
Begi zima lile, kilo kumi na moja, na kazi ikafanywa na ukucha.
Nakala ikatoka safi.
Yule mama aliitazama muda mrefu,
kisha akaomba ile yenye mstari.

Sasa yuko Temuco kwa binti yake.
Mgongo ulikatika, na wenyewe hauna kijiti.

Jana, bandarini, kwa wakala wa meli,
nilifungua mashine kongwe kutia sponji mpya ya kutenganishia karatasi,
ya kiwandani, bado ina harufu ya plastiki.
Chini ya ile kuukuu nikakuta kadi ya biashara,
imekunjwa mara mbili, imeinua kila kitu
kiasi cha unene wa ukucha.
Kwa kalamu ya risasi: *ya muda. E.B., Machi 2009.*

Nikaitoa. Nikafunga kipuri kipya.
Mashine ikakohoa, ikameza karatasi tatu, ikasimama.
Nikafungua, nikafunga. Ikameza nne.
Sikuwa na mtu wa kumgunia.

Nikairudisha kadi mahali pake,
nikaandika herufi zangu chini ya zake.
Mashine ikatoa karatasi mia na ishirini bila kupumua.

Wakala akasimama mlangoni na kikombe chake:
sasa imepona, au ni ya muda tu?
Ya muda, nikamwambia. Kipuri chenyewe kitatoka Santiago.
Wiki tatu.
Nne, kukiwa na upepo.