Kiwanja Namba Tisa

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika
nani kasema, nani kaafiki, saa ngapi.
Kukohoa hakuandikwi. Kushusha pumzi hakuandikwi.

Machi, ukumbi wa halmashauri, kaskazini mwa Minnesota.
Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha,
buti zinachuruzika mlangoni,
kahawa imechemka tangu mchana, sasa ni lami.

Ajenda namba nne: maombi ya kugawa
shamba la Ansgar Tveit, ekari sitini na moja,
ufuo wa mashariki wa Ziwa Vesper,
viwanja kumi na saba vya makazi.

Pruitt, mpima ardhi, anatandaza ramani
kama anayetandika kitanda cha mgeni:
anapapasa mikunjo, ananyoosha pembe.
Kila kiwanja na kipande chake cha maji,
mita thelathini, mita thelathini, mita thelathini.
Ziwa moja, vichanga kumi na saba,
kila mmoja ameahidiwa chuchu yake.

Mwenyekiti Haugstad anasoma barua ya afisa wa afya:
udongo ulimiminiwa maji, ukapigiwa saa,
ukanywa inavyotakiwa. Mashimo ya choo
yatakaa mita arobaini na tano kutoka ukingoni.

"Ukingo upi?"

Naandika: Bi. Lempi Saarela, mkazi.
Miaka themanini na mitatu, na hakuja na hotuba.
Amekuja na mlango.
Mlango wa stoo yake ya jikoni,
umeng'olewa kwenye bawaba, mjukuu kaubeba mgongoni.
Juu yake, kwa penseli, tangu enzi za baba mkwe:
siku barafu ilipovunjika, na hatua ngapi
toka mwaloni uliopigwa radi hadi majini.
Elfu moja mia tisa hamsini na moja: hatua arobaini.
Sitini na tisa: kumi na moja.
Tisini na saba hakuna hatua. Pameandikwa tu: *umesimama majini.*

Mwaloni huo upo katikati ya kiwanja namba tisa.

"Ulipima lini, kijana?"
"Februari, mama."
"Basi ulisimama juu ya barafu ukadhani ni nchi kavu."

Kicheko hakiandikwi. Naandika: *mjadala.*

Ndipo Ansgar akasimama, kofia mkononi.
"Lempi, mimi sina mlango. Nina bili.
Inga anasafishwa damu mara tatu kwa wiki,
kilomita mia na kumi kwenda, mia na kumi kurudi.
Ng'ombe niliwauza mwaka juzi.
Kilichobaki cha kukamua ni ufuo."

Kwa muda hapakuwa na la kuandika.
Bi. Lempi akaugeuza mlango taratibu,
maandishi yakaelekea ukutani.

Hoja: ipimwe upya, barafu ikishavunjika.
Watatu ndiyo. Mmoja hapana.
Mmoja kajitoa, ni mkwe wa mwombaji.
Nikaandika: *imeahirishwa hadi barafu ivunjike.*
Mwenyekiti akasema, hiyo si tarehe, karani,
sheria inataka tarehe.

Tukatazamana. Kisha, mmoja mmoja,
tukautazama mlango.
Bi. Lempi akaugeuza tena,
akapitisha kidole juu ya miaka yote ile, akihesabu kimya.
"Ishirini na sita Aprili. Ikichelewa."

Nikaandika ishirini na sita Aprili.

Kikao kilifungwa saa tatu na dakika arobaini usiku.
Nilipotoka kufunga geti, ziwa lilikuwa linagugumia
chini ya barafu, kama tumbo la mtu mwenye njaa asiyetaka kusema.
Ansgar kashika ncha moja ya mlango, mjukuu nyingine,
wanakwenda kinyumenyume, wanateleza, hadi kwenye pikapu,
na Bi. Lempi nyuma yao: "Polepole, msifute, msifute."

Hilo halimo kwenye kumbukumbu za kikao.
Nimeliweka huku pembeni, kwa penseli.