Kilomita Themanini

Gari lenyewe ni la watu wawili na mkoba mmoja,
jekundu, tumbo chini, limenunuliwa kwa mkopo wa ushirika
na mkunga wa miaka hamsini na mmoja
ambaye wenzake wa zamu humwuliza
kama mgongo umeanza kudai.
Umeanza. Nalipa vyote viwili, mkopo na mgongo,
kila mwisho wa mwezi.

Leo niko kwa Gathogo, fundi wa tairi, Nakuru,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
na mbele yangu zimelazwa tairi mbili
kama wachumba walioletwa nyumbani siku moja.

"Hii," asema, akiigonga ubavuni kwa spana,
"haijui kufa. Ichome msumari, itoke upepo wote,
bado itakubeba kilomita themanini,
na chai yako haimwagiki."
Ubavu mgumu kama soli ya askari.
Elfu thelathini na nane. Moja.

"Na hii ni ya kawaida." Akaibonyeza kwa kidole gumba,
ikakubali kidogo, kama shavu.
"Inakanyaga kwa upole, mashimo ya Njoro
hutayasikia kiunoni. Bei nusu.
Lakini ikitoboka, mama, imetoboka."

Chemutai amepiga simu mara tatu tangu asubuhi:
"Chukua ile ngumu. Saa nane usiku, Salgaa,
malori yamepanga foleni, wewe na jeki?"
Ana haki. Mwezi wa Aprili, na lile gari la zamani,
nilikwama Sobea kwenye mvua;
dereva wa lori la saruji akashika tochi kwa meno,
akafunga nati zote tano,
akakataa mia mbili yangu, akaniambia tu
nimwombee mkewe, figo.

Gathogo anasubiri. Redio yake inasoma bei ya viazi.
Nauliza: ikiishiwa upepo, nitajuaje?
"Hutajua. Ndio uzuri wake.
Labda taa ya dashibodi, kama bado inawaka."

Hutajua.

Kibiwott alivuna mahindi Jumatatu.
Jumanne akapaka chokaa ukuta wa jikoni.
Jumatano akaniletea chai hadi wodini, chupa ya buluu,
akasimama mlangoni akitaniana na walinzi.
Mimi ninayeusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni
kwa kipembe cha mbao,
sikuusikia wa mtu aliyelala ubavuni mwangu.
Daktari alisema huenda ulitoboka wiki nzima nyuma.
Wiki nzima anakwenda. Mwendo uleule.
Chai haikumwagika.

"Nipe za kawaida," nikasema. "Nne. Na ya tano."
"Ya tano utaiweka wapi? Buti hilo halimezi hata kuku."
"Funga nati, Gathogo."

Najua si hesabu. Chemutai atanuna mpaka Jumapili,
na pengine usiku mmoja, magoti kwenye matope,
nitakiri kwamba alisema.
Lakini nataka kusikia.
Ipige kelele, iyumbe, inilalie njiani,
niteremke nitazame.

Jioni nikafanya mazoezi uani, Kiamunyi,
jeki, spana, na saa ya jikoni juu ya boneti:
dakika ishirini na sita, na kucha mbili.

Asubuhi naelekea zamu, Molo.
Spea imekaa kiti cha abiria, haina pengine pa kukaa,
nyeusi, mpya, inanuka duka.
Kufika Ngata gari likaanza kulia, tii, tii, tii:
limepima uzito, limedhani ni mtu.
Nikaegesha kando,
nikanyoosha mkono,
nikamfunga mkanda.