Msingi wa Vyumba Vitatu

Kwenye ramani yangu kiganja kimoja ni mtaa mzima.
Nikiweka kikombe cha chai juu ya Iganzo
watu mia nne wanafunikwa,
na duara la kahawia linabaki hapo
mpaka bwana Luvanda aulize: hili nalo ni bwawa?

Ni chai, mzee.

Anacheka. Juni hii ya Mbeya hata kicheko kinatoka na mvuke.
Mlima Loleza hatujauona tangu Jumanne.

Nimeagizwa nyumba mia mbili za bei nafuu
mteremkoni, palipokuwa na mashamba ya pareto:
vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani,
bati jekundu, kibaraza chenye nguzo mbili.
Nguzo hazibebi kitu. Ni za kupigia picha.

Jana usiku, Ilemi, kwenye chumba nilichopanga,
niligeuza karatasi nikapiga hesabu kwa mshahara wangu.
Nikianza kulipa mwezi huu
nitamaliza nina miaka themanini na mitatu,
kama sitaugua,
kama mwanangu hatakwenda shule,
kama tutakubaliana nyumbani kutokula.
Mgonjwa akipata nafuu huketi, huomba uji.
Bei hii bado imelala, imegeukia ukutani.

Bi Tulinagwe, mwenye nyumba, akabisha hodi
na makaa kwenye kipande cha bati.
Akaiona karatasi. Hakuuliza bei.
"Udongo mtakaochimba mtaupeleka wapi?"
Utabebwa na malori, nikasema.
"Na matofali?"
Yataletwa na malori.
Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto
anayeuza maji ya kisima apate hela ya kununua maji.

Kisha akaketi juu ya ndoo yangu, bila kukaribishwa:
"Mimi nilianza na chumba kimoja.
Miaka tisa nondo zimechomoza ukutani
kama vidole vya mtu anayeomba kusema kikaoni
na mwenyekiti hamuoni.
Mpunga wa kaka yangu ukauzika Kyela: chumba cha pili.
Alipoolewa Subilaga: cha tatu.
Hiki unacholala wewe ni maharage, misimu miwili.
Nyumba hainunuliwi, baba. Inafugwa."

Leo nimefika ofisini kabla ya mlinzi kuzima taa.
Nimeanza kufuta nguzo.
Halafu sebule, halafu vyumba,
nimeacha kimoja tu, na choo, na msingi wa vitatu,
na nondo nimezichora zote, ndefu, bila aibu.
Nyumba nimezipanga ngazi kwa ngazi, kufuata kiuno cha mlima,
maji ya mvua yashuke kwa adabu mpaka kwenye tangi.
Udongo wa kila ngazi ushindiliwe papo hapo uwe tofali,
ukaushwe kivulini, tanuri lisiguswe,
ile milingoti ya juu iendelee kushika mlima.
Njia nimeipa mita sita, nimekataa tano:
zimamoto lipite,
na siku ya msiba jeneza lisirushwe juu ya uzio wa jirani
kama gunia la viazi.

Bwana Luvanda ameinama juu yake kwa muda mrefu.
Kidole chake kimegota kwenye nondo.
"Hizi? Wageni watasema hatujamaliza."

Hatujamaliza, mzee.

Hajatia sahihi. Hajakataa.
Ameikunja, ameiingiza ndani ya koti isilowe,
amekwenda nayo kikaoni.

Saa sita imepita. Penseli nimeichonga mara tatu,
imebaki kama kidole gumba.
Dirishani ukungu umeachia kidogo, upana wa mlango,
na ndani ya upana huo, mbali, upande wa Ilemi,
bati moja linawaka.
Sijui la nani.
Upande wake mmoja bado haujaezekwa.