Kitenzi Kinakaa Mwisho

Juu ya duka la pembejeo pale Makole,
saa kumi na moja, vumbi la mchana halijatua,
tunakaa watano mbele ya Mwalimu Chizuru:
mimi, karani wa zabibu kutoka Makutupora,
mabinti wawili wanaotaka uuguzi huko Nagoya,
Lechipya, fundi aliyechoka kubahatisha
maandishi yaliyobandikwa kwenye injini,
na Bwana Kolini, Mwingereza, mpima visima mstaafu,
miaka sitini na minane, kalamu tatu mfukoni.

Siku ya kwanza mwalimu aliandika: a, i, u, e, o.
Tukacheka. Hizo tulikuja nazo kutoka nyumbani.
Kolini hakucheka. Kinywani mwake kila irabu ina mkia;
o anaianza vizuri, kisha inamponyoka, inaishia u,
kama ndoo inayomwagika hatua moja kabla ya mlango.
Silabi moja anaigongelea msumari,
zilizobaki anazimeza.
"Ninyanyue ipi?"
"Usinyanyue," mwalimu anamjibu. "Tembea tambarare."
Tambarare! Mtu asiyeweza kutaja hata jina lake
bila kupanda kilima na kushuka.

Halafu kitenzi. Kitenzi kinakaa mwisho.
Unabeba asubuhi, unabeba jiko, mkate, kisu,
vyote mikononi, mpaka ukingo wa sentensi,
ndipo ujue kama ulikula au hukula.
"Mimi mzee," alisema Kolini. "Nitavidondosha."

Na zile herufi, elfu mbili na ushei,
moja ina majina matatu, inategemea imekaa na nani.
"Kama mimi tu," akasema Lechipya.
"Nyumbani Lechipya, kanisani Erasto, gereji Fundi."
Kolini akaiandika hiyo daftarini.
Hata heshima ilimshinda: kitenzi kinavua kofia mbele ya mkubwa,
na sisi tuliolelewa kwa shikamoo tukaona ni jambo la kawaida,
lakini kwao mfalme na mbwa
wanaitwa kwa "wewe" ileile.

Nilimcheka kuliko wote, nikiri.
Jioni moja ngazini nikamuuliza: unajitesea nini?
Binti yake ameolewa Sapporo.
Kuna mtoto, Emi, miaka minne.
"Kila Jumapili kwenye simu ananiuliza jambo moja.
Jambo lilelile. Mwezi wa saba huu.
Mama yake anasema, kama unataka kujua, jifunze.
Natabasamu tu."

Jumamosi nikaenda Mvumi kumwona bibi.
Mbukwenyi, nikasema, na Kigogo changu kikaishia hapo.
Nimekulia Moshi, baba alikuwa mtu wa reli,
visingizio ninavyo vya kutosha.
Bibi akaniuliza kitu, kirefu, kitamu, kinachopanda na kushuka.
Nikatabasamu.
Akarudia polepole, akinishika kiwiko.
Nikatabasamu tena,
na nikalitambua tabasamu lile. La Kolini.
Mjomba akapita na jembe lake:
"Anauliza kama umekula."

Alhamisi Kolini alipanda ngazi mbili mbili,
uso mwekundu kama udongo wa Kongwa.
"Nimeshika neno! Katika swali lake! Mimi!"
"Wewe?" wakauliza mabinti.
"Siyo mimi. *Mimi*."
Nasi tukakumbuka somo la tatu:
huko kwao Chizuru, mimi maana yake sikio.
Mwalimu akamtazama Kolini pembeni,
yale masikio yake mapana, mekundu, yenye nywele,
akaziba mdomo kwa daftari la mahudhurio,
akashindwa, akakaa chini.
Miezi saba, mtoto anataka kujua
kwa nini masikio ya babu yake ni makubwa vile.

Kolini alicheka hadi akafuta miwani.
Kisha akavuta kiti, akanyoosha mgongo,
akasema anataka kutunga jibu mwenyewe, tusimsaidie.
Akaanza: babu, akatulia. Masikio.
Akatulia. Kwa sababu.
Chini mtu alikuwa anapakua magunia ya mbolea.
Lechipya aliweka kalamu.
Tukamsubiri, wote,
mikono yake imejaa,
tukimsubiri afike kwenye kitenzi.