Tarehe Imepita

Cheti kilikufa saa sita na dakika moja usiku.
Hakikupiga kelele.
Alfajiri wafugaji wa Pongwe walipopeleka ndoo kwenye mizani
simu zao zikagoma kusema na seva yetu,
na saa kumi na nusu yangu ikalia: Shekue, wa zamu kwenye matangi.
"Dada Mwanahija, kimeharibika nini?"
Hakijaharibika kitu, Shekue.
Ni kama zile pakiti tunazorudishiwa na maduka:
maziwa hayajaganda, tarehe tu imepita.

Nikatoka Barabara ya Kumi na Nne kwa miguu,
dera la kulalia chini ya baibui,
nikavuka reli, nikafungua ofisi.

Dirisha jeusi. Kishale kinapepesa, kinangoja amri.
Hapa hakuna picha ya kubonyeza.
Unaandika openssl, nafasi, neno, kistari, neno;
ukikosea herufi moja unajibiwa ukurasa mzima,
kama umemwamsha karani usingizini.

Kwanza ufunguo.
Mashine inasaka namba tasa mbili, ndefu kuliko deni la ushirika.
Inadondosha nukta, nukta, nukta, kisha alama ya kujumlisha,
mshono wa cherehani ya mama inaporuka uzi.
Namba tasa! Mwalimu wa hesabu pale Chumbageni
alizitaja hivyo bila kucheka,
tukamchekea sisi.
Leo tasa mbili zimekutana gizani, zimezaa.
Mtoto huyu haonyeshwi wageni.
Namfungia ruhusa: amsome mwenye nyumba peke yake.

Halafu maombi, na maswali yake.
Nchi? Herufi mbili tu. TZ.
Mkoa? Tanga.
Mji? Tanga tena.
Taasisi? Ushirika wa Wafugaji.
Jina?

Hapo vidole vikasita.
Ndiyo maswali aliyoulizwa mama dirishani mwaka juzi,
alipokwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa
ana miaka sitini na mitatu.
Ulizaliwa wapi? Kambi namba nane, kwenye mkonge.
Hospitali gani? Akacheka.
Mashahidi? Wamekufa.
Sasa nani anathibitisha?
"Mimi."
Karani akaweka kalamu chini, kwa upole, nakumbuka ule upole:
mama, mtu hajithibitishi mwenyewe.

Ningeweza kufanya hivyohivyo nikarudi kulala.
Mstari mmoja, siku mia tatu sitini na tano,
sahihi yangu juu ya jina langu.
Lakini simu za Pongwe zingeuliza: wewe nani?
Mimi.
Nani kasema?
Mimi.
Zingenifungia mlango, na zingekuwa na haki.

Nikatuma maombi. Nikangoja, nikanywa maji ya jana.
Kikarudi kimesainiwa.
Nikakikagua kama mtu anayehesabu chenji:
chetu kimesainiwa na cha kati,
cha kati kimesainiwa na mzizi,
na mzizi,
nikasoma mara mbili ingawa nilijua,
mtoaji na mpewa ni jina moja.
Mzizi umejisaini wenyewe.
Hakuna aliye juu yake wa kuulizwa.
Na simu zote za mkoa huu zinauamini
kwa sababu zilitoka kiwandani nao tumboni.

Saa kumi na mbili na robo nikaiwasha seva upya.
Shekue akapiga: lita arobaini za Pongwe zimeingia,
na kuna mzee analalamikia bei.
Basi tumepona.
Kwenye kalenda ya ukutani nikazungushia siku ya themanini,
wino mwekundu, maana ya tisini itanikuta tena kitandani.

Nyumbani mama anachuja chai.
Haulizi nimetoka wapi, anauliza kama nimekula.
Cheti chake bado hakijatoka.
Mimi, anasema, nilizaliwa Jumatano,
mvua imeingia mpaka jikoni, kuni zote zimelowa.
Sijawahi kuitazama kalenda ya mwaka ule.