Hewa ya Ndani

Mamangu akisukuma duara la unga alikata mara mbili,
pande nne, basi.
Mimi nakata mara tatu.
Kisu ni kile kile chake, kimelika
hadi kimekuwa chembamba kama mwezi mwandamo.

Sikuanza na kisu. Nilianza na iliki.
Nilisema, nani hapa Maweni ataonja
kwamba punje tatu zimekuwa mbili?
Kisha tui zito likawa tui la pili,
kisha tui la pili likawa maji
yaliyopita karibu na nazi yakaisalimu.
Bei sikuipandisha, wallahi.
Kumi imekaa pale ukutani, kwa chaki,
haikupanda, haikufutika,
ni vingine vyote vilivyoizunguka vikikonda.

Na hamri lina siri ambayo mteja haijui:
ukilisukuma jembamba, mafuta yakachemka barabara,
linafura zaidi. Linapendeza. Linajaa kiganja.
Nani kasema njaa haina urembo?

Baya, fundi wa mawe, alilipasua moja mbele za watu,
akachungulia ndani, jicho moja kalifumba
kama anayepiga timazi.
"Mama Umi," akasema, "nyumba umejenga nzuri.
Wenyewe wamehamia wapi?"
Watu wakacheka. Nikacheka mimi kuliko wote,
nikamwongezea upawa wa mbaazi, mchuzi mwingi.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Awadhi, mafuta ya kupima.
Kikopo chake nakijua tangu nikitumwa na mama.
Nikakigeuza: kitako kimebonyezwa kwa ndani,
kwa nyundo, taratibu, na mtu mwenye subira.
Nikamtazama. Yeye akautazama mzani.
Hatukusemezana neno,
wezi wawili tuliokutana kwenye dirisha moja.

Tangu hapo macho hayanilali.
Dumu la maji la Kazungu halifiki shingoni.
Mishono ya Nyevu imekaa mbalimbali kama majirani waliogombana,
sare ya Umi ilifumuka bega kabla muhula haujafika kati.
Tokeni ya umeme ya mia
nikimaliza kubonyeza tarakimu zake nahisi nusu imeshaliwa na kubonyeza.
Na mwenye nyumba, Bwana Twahiri,
kakikata chumba changu kwa mbao nyepesi:
chumba kimezaa viwili, kodi imezaa mapacha,
na kikohozi cha mpangaji mpya nalala nacho kitanda kimoja.
Naye pia, kumbe, ana kisu.

Haba na haba, tuliambiwa, hujaza kibaba.
Hatukuambiwa
kwamba humwagika kwa njia hiyo hiyo.

Umi ana miaka tisa, hesabu anaipenda.
Alfajiri moja akachora kwa kidole kwenye unga:
"Nne. Sita. Halafu nane, mama? Halafu kumi na mbili?
Mwisho tutauza ukingo tu."
Nikaufuta ule mchoro kwa kiganja.
Unga nikaurudisha bakulini, haukutupwa.

Leo Baya kaja, siku ya nne hana kibarua.
Hakutania. Kaweka shilingi tano mezani:
"Nikatie nusu."

Nusu ya hewa unaikataje?
Nilichukua donge la mwisho, nikasukuma,
mkono ukakumbuka wenyewe, sikuutuma:
mara mbili, pande nne.
Moja nikalitia karaini.
Halikufura. Lilizama, likakaa chini zito,
likichemka polepole pembezoni,
nami nikaogopa, nikadhani hamira imekufa,
nikadhani nimeharibu.
Umi akainama juu ya karai.
"Hili lina nini ndani?"

Baya kalila lote, hakulichungulia.
Ile tano niliipokea.
Hilo nalo nalisema.