Sheria ya Tatu

Niliwaunda mimi, Ijumaa moja stima zilipopotea,
kwenye daftari la hesabu, kwa kalamu ya kuazima:
Wapumua-kwa-Mizizi, watu wa dini ya mchu,
wakaao pale ambapo nchi kavu haijaamua kuwa nchi.
Mbwarahaji alitaka tuwaite twarika.
Nyamvula akasema: shusha sauti,
bibi yako yuko chini na masikio yake.

Tulichezea Tudor, orofa ya pili, juu ya wachomelea vyuma,
meza yetu mlango mkuukuu uliolazwa juu ya makreti.
Hao watu wangu hawakuwa na hekalu.
Walihesabu siku kwa bamvua na maji mafu.
Wafu wao waliwazika wima, hadi kiunoni tu,
kilichobaki wakawaachia kaa.
Sheria ya kwanza: usikate.
Sheria ya pili: ukikatwa wewe, chipua.
Sheria ya tatu: ukiingia topeni vua viatu,
maana chini yako kuna anayevuta pumzi.

Tulicheka. Tsuma hakucheka.
Akavuta karatasi ya mhusika, akajaza: kuhani,
umri miaka mia na kumi, silaha hana.
Jumamosi ya pili akaja na kiapo chao, katunga mwenyewe.
Nyamvula alihesabu mizani kwa vidole, akakosa pa kumshika:

*Mchu ewe mchu mama, usotishwa na bahari,*
*Maji kujaa kuhama, kwako wewe ni shuwari,*
*Tufunze nasi kuzama, na pumzi tusitiri,*
*Akukataye daima, tope litamsubiri.*

Mtu huyo huyo, mchana, huuza miti Majengo.
Fito, pau, mazio, boriti, nguzo:
anaijua mikoko kwa unene wa mkono wake,
anajua upi utabeba dari na upi utamwaibisha fundi.
Hatukumuuliza.
Kwetu kazi ya mtu hubaki mlangoni, pamoja na viatu.

Miezi mitano aliwalinda.
Kisha nikamleta Liwali wa Gati na mashoka mia tatu,
na Tsuma akasimama peke yake kwenye maji ya magoti
(akasimama kweli, kiti kikaanguka),
akasoma kiapo, akarusha dadu la pande ishirini.
Likadunda, likapita nyuma ya kitabu
nilichokisimamisha kuficha siri zangu.
Nililiona mimi tu.
Nikasema: moja.

Moto niliusimulia vizuri, sikatai.
Nyamvula alipenga kamasi. Mbwarahaji alisema, kali hii.
Tsuma akaikunja karatasi yake mara nne,
akaitia mfuko wa shati.
Hata miche? akauliza.
Nikasema: hata miche.

Lilikuwa ishirini.
Labda nilichoka na watu wema.
Labda ni wivu: mimi niliwaunda,
yeye ndiye aliyewaamini.

Jumatatu maji yalipotoka nilishuka horini.
Vipumulio vya mchu vimetokeza topeni kama penseli,
kimoja kimevishwa pakiti ya maziwa,
na harufu ya dizeli, na redio ya mtu ng'ambo ya pili.
Nikavua viatu. Hapakuwa na shahidi.
Tope likanishika vifundo
kwa namna ya mtu anayekujua lakini jina limemtoka.

Nikaenda hadi Majengo na matope yangu yakikauka.
Alikuwa na mteja, fundi wa Kisauni mwenye haraka.
Kila mti, kabla ya kuuinua, aliuwekea kiganja,
kidogo tu, kama apimaye homa ya mtoto,
kisha akautupa juu ya wenzake mkokoteni.
"Tsuma," nikasema, "lile dadu..."
Akaniinulia kidole nisimvuruge hesabu:
kumi na nane,
kumi na tisa,
ishirini.